Jinsi ya kuacha fegi ukiwa Dar: ijue kwanza asetilikolini inavyoipelekesha dopamini

Ukitangaza tu kwamba unataka kuacha fegi kila mtu anakua daktari. Jikaze, kunywa maji, nunua pipi, muombe Mungu, sijui kula karoti. Sikatai hata kimoja hapo, ila hakuna anayekwambia kichwani kwako kuna nini kinaendelea, na ukishakijua hicho kitu kuacha kunakua na ratiba, yani unajua kabisa arosto, ile hali ya mwili kudai fegi, itakubana saa ngapi, siku ya ngapi itauma zaidi, sehemu zipi za mji ukae nazo mbali kwa muda na dawa ipi inasaidia na kwanini. Kwahiyo nusu ya kwanza hapa ni ya kichwani, nusu ya pili ni ya mtaani, na usiruke ya kwanza ukakimbilia ya pili maana ratiba yote inatoka kule.

Kichwani kuna nini

Asetilikolini ni kemikali ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe, seli za neva zinaitumia kupelekeana taarifa. Ndo ya kwanza ya aina yake kuthibitishwa. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, moyo wa kwanza akaushtua neva yake mapigo yakapungua, alafu yale maji yaliyokua yanauzunguka akayahamishia kwa moyo wa pili, na wa pili nao ukapunguza mapigo wakati neva yake haikuguswa kabisa. Maana yake kuna kitu kilitoka kwenye neva kikaingia kwenye maji. Kitu chenyewe ndo hiki, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakagawana Nobeli. Leo tunajua asetilikolini ndo inayokaza misuli yako unaponing'inia kwenye daladala, ndo inayokusaidia kumakinika ukisoma, na ndo inayosukuma mfumo wa dopamini. Hapo pa mwisho ndo fegi ilipoingilia.

Dopamini yenyewe mtandaoni wanaiita kemikali ya raha, na ukiniuliza mimi hilo jina limepotosha watu wengi sana. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner kule Kanada waliweka waya mwembamba kwenye ubongo wa panya, panya akikanyaga kibonyezo anapata umeme kidogo sehemu fulani ya kichwa, wakakuta panya anakanyaga tu, anakanyaga tu, mambo mengine hana habari nayo. Miaka mingi watu wakasema basi hapo ndo raha inapokaa. Baadae Wolfram Schultz akasikiliza seli za dopamini za nyani anayepewa matone ya juisi, akaona juisi ikija bila kutegemewa seli zinalipuka, ila nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinalipuka kwenye taa, juisi yenyewe ikija kimya. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, seli zinapoa chini ya kawaida yake. Kwahiyo dopamini inafundisha. Inasema hiki kimezidi matarajio, kishike, kirudie. Ndo maana mvutaji anaweza kuichukia fegi, anaisema vibaya, anakohoa nayo, na bado mkono unaenda mfukoni.

Seli kubwa za kazi hii ziko sehemu ndogo ya ubongo wa kati ambayo wataalam wanaiita VTA, zinarusha nyuzi ndefu mpaka ndani ya ubongo kwenye nyukliasi akambensi, eneo la zawadi na hamu, na nyingine mbele ya kichwa kwenye sehemu ya kupanga na kujizuia. Asetilikolini inazifikia kwa njia mbili. Moja inatoka nyuma kwenye shina la ubongo, seli za kule zinaimwaga moja kwa moja kwenye VTA na kuichangamsha. Ya pili iko kule kule mwisho wa nyuzi, kuna seli za asetilikolini chache sana, kati ya seli 100 za eneo lile ni kama 1 au 2 tu, lakini matawi yake yamesambaa kila kona na yamekaa jirani kabisa na ncha za dopamini, kiasi kwamba zikishtuka pamoja zinaweza kuifanya dopamini imwagike pale pale bila hata kusubiri amri kutoka VTA. Kwa idadi ni chache, kwa mamlaka ni kubwa.

Kwa lugha ya Mbagala Rangi Tatu: dopamini ni dereva, asetilikolini ni konda. Konda akigonga bodi dereva anaondoa gari, hageuki nyuma kuhakikisha nani kagonga. Nikotini, ile kemikali ya kwenye tumbaku inayokufunga, ni mtu mwingine kabisa aliyejifunza kugonga bodi kwa mlio ule ule.

Sasa tofauti ya konda halali na huyu mwingine ni kwamba asetilikolini ikishagonga inafutwa ndani ya muda ambao huwezi hata kuupima kwa saa ya mkononi, kuna enzimu kazi yake ni hiyo tu, kuikata vipande. Nikotini ile enzimu haiwezi kuigusa. Inakaa, inagonga, inagonga, mpaka ini liiondoe, na ini linachukua kama masaa mawili kupunguza nusu. Kwahiyo vipokezi, yani zile sehemu kwenye seli zinazopokea huko kugongwa, vinafunguka kwa kishindo mara ya kwanza alafu vinakufa ganzi. Ubongo ukiona vipokezi vyake vingi viko ganzi unaongeza vingine. Mvutaji wa siku zote ana vipokezi vingi kuliko asiyevuta, hii imeonekana kwenye picha za ubongo za watu walio hai na kwenye ubongo wa waliokufa.

Shika hapo, maana asubuhi yako yote imeelezwa hapo. Umelala masaa nane, nikotini imepungua nusu mara nne, imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita, vile vipokezi vya ziada vimeamka kutoka kwenye ganzi na vyote havina kitu. Ndo ile unafungua macho kabla hujasema hata neno unatafuta kiberiti. Na ndo maana fegi ya kwanza ya siku inakua na stimu kuliko zote, zile za mchana kwa kweli nyingi unavuta kujirudisha kawaida tu, wala hupati chochote cha maana, unalipia kuwa sawa na mwenzako ambaye hajawahi kuvuta.

Kitu kingine ni spidi. Ukivuta pafu moja nikotini inafika kichwani ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi. Fegi moja unaivuta pafu kama kumi, mwenye pakiti kwa siku anajipa somo kama mara 200 kila siku iendayo kwa Mungu, na kila somo linamwambia ubongo ulichofanya sekunde chache zilizopita ni kizuri kirudie. Hakuna mwalimu anayerudia somo kiasi hicho. Juu yake moshi wenyewe una vitu vingine vinavyopunguza nguvu ya enzimu inayovunja dopamini, ndo moja ya sababu kiraka cha nikotini, kile cha kubandika kwenye ngozi, peke yake hakimfungi mtu kama fegi inavyomfunga.

Alafu kuna hili la viashiria, yani vitu vinavyokukumbusha fegi, ambalo mimi ndo naliona zito kuliko yote. Zile seli chache za asetilikolini huwa zinapiga mapigo yake taratibu muda wote bila kukatika. Kikitokea kitu ambacho ubongo umeshakifunga na zawadi, harufu, sauti, sehemu, zinanyamaza ghafla kwa nukta ya sekunde, na ndani ya kimya kile dopamini inapanda. Wanasayansi wengi wanaona huo ukimya ndo unaofungua nafasi ya somo kuchapwa kwenye kumbukumbu. Kwahiyo ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa, ile mlio wa vikombe vya muuza kahawa tu, hata kabla hujaona fegi ya mtu, kichwani mchezo umeshaanza. Nikotini inaisha mwilini siku chache, haya mambo ya viashiria yanakaa miezi, na ndo yanayomrudisha mtu aliyeacha vizuri kabisa.

Jipime kwanza

Kabla ya kuweka tarehe, jiulize unaamka na kuvuta baada ya dakika ngapi. Hilo swali moja linakwambia zaidi kuliko kuhesabu fegi. Ukivuta ndani ya dakika 5 za kuamka umeshikwa haswa, ndani ya nusu saa pia umeshikwa, zaidi ya saa nzima basi tatizo lako kubwa ni viashiria kuliko nikotini. Na kama unavuta hata ukiwa na homa uko kitandani, hilo jibu unalo.

Wanaonunua moja moja dukani kwa Mangi wajiangalie sana. Kununua moja moja kunakufanya uamini wewe sio mvutaji, eti unavuta mbili tatu, kumbe ukijumlisha ya asubuhi, ya kituoni, ya baada ya msosi, ya kwa Mangi tena jioni na zile za kuombana kijiweni unakaribia nusu pakiti. Kwa wiki moja, kila ukiwasha andika kwenye simu: saa, sehemu, ulikua na nani, ulikua umetoka kufanya nini. Usipunguze, vuta kama kawaida, we andika tu. Mtu wa boda atakuta nyingi zake ni za kusubiri abiria. Konda atakuta ni za mwisho wa ruti gari likigeuza. Wa ofisini Posta atakuta ni ile ya kutoka nje na washkaji wawili baada ya bosi kufoka. Mwingine atakuta nusu ya fegi zake zote ziko kati ya saa 1 na saa 5 usiku akiwa na chupa mkononi. Hiyo orodha ndo ramani yako, wiki za mwanzo utaitumia kila siku.

Tarehe, na kwanini usipunguze kidogo kidogo

Watu wanapenda kupunguza. Leo kumi, kesho nane, wiki ijayo tano. Ina mantiki lakini kumbuka vipokezi, ukivuta tano kwa siku kila moja inakua na thamani kubwa zaidi maana umekaa na njaa muda mrefu, dopamini inalipuka vizuri, somo linachapwa vizuri. Uingereza walilipima hili, matokeo yakatoka 2016, waliokata siku moja baada ya wiki nne 49 kati ya 100 walikua bado hawavuti, waliopunguza taratibu kwa wiki mbili kabla ya kuacha walikua 39. Sio kwamba kupunguza hakufai kabisa, kama ndo njia pekee unayoweza basi punguza, ila mwenye uwezo wa kukata akate.

Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo. Isiwe wiki ya derby ya Simba na Yanga, isiwe wiki ya harusi ya ndugu, isiwe mwisho wa mwezi kama mshahara wako huwa unapitia baa. Waambie watu wawili wa karibu, sio kijiwe kizima, kijiwe kizima watakutania mpaka uvute ili wanyamaze.

Usiku wa kabla ya siku yenyewe toa viberiti vyote, kipisi kilichosahaulika kwenye koti, kisahani cha majivu, fua shuka na jaketi la boda. Harufu ni kiashiria kama kingine.

Dawa

Hapa watu wana ubishi kwamba kutumia nikotini kuacha nikotini ni kujidanganya. Rudi kwenye spidi. Kiraka unachobandika kwenye ngozi kinapitisha nikotini polepole kwa masaa mengi, vipokezi vinapata kitu cha kuvituliza lakini hakuna ule mpigo wa sekunde kumi, kwahiyo hakuna somo. Ni nikotini iliyonyang'anywa ualimu. Anayevuta zaidi ya fegi 10 kwa siku kwa kawaida anaanza na kiraka cha miligramu 21 wiki sita, alafu 14 wiki mbili, alafu 7 wiki mbili. Badilisha sehemu ya ngozi kila siku maana kinawasha, na kwa joto letu la Dar bandika pale ambapo jasho halichuruziki, ngozi iwe kavu, bila mafuta.

Bablishi ya nikotini ndo inayoharibiwa na wengi. Wanaitafuna kama bablishi ya dukani, mate yanajaa, wanameza, tumbo linauma, wanasema haifanyi kazi. Inatafunwa polepole mpaka uhisi muwasho kama pilipili, unaacha, unaiweka kati ya shavu na fizi, muwasho ukiisha unatafuna tena kidogo, hivyo hivyo kama nusu saa. Nikotini inaingilia kwenye ngozi ya mdomo, na mdomo ukiwa na tindikali haipiti, kwahiyo dakika 15 kabla na wakati unayo mdomoni usinywe kahawa, soda wala juisi ya ukwaju. Anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka anachukua ya miligramu 4, wengine miligramu 2. Kiraka cha muda wote pamoja na bablishi ya dharura vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Kuna vidonge vya vareniklini, hivi ndo mimi navikubali kwa akili iliyotumika. Vinakaa kwenye kipokezi kile kile ambacho nikotini inakipenda zaidi, vinakifungua nusu tu. Nusu inatosha arosto isikuue, na kwa sababu kiti kimeshakaliwa, hata ukiiba fegi haipati pa kukaa, unavuta unashangaa mbona haina ladha. Wazo lilitokana na sitisini, dawa ya mmea ambayo Bulgaria wanaiuza tangu 1964. Vareniklini inaanzwa kama wiki moja kabla ya siku ya kuacha na inaendelea wiki 12, na hii ni ya daktari, usinunue kwa kuelekezwa na mtu. Shirika la Afya Duniani limeweka viraka na bablishi za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009, vareniklini na bupropioni, kidonge kingine cha kusaidia kuacha fegi, zikaongezwa 2021. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, mwenye shida ya moyo au figo, aanzie kwa daktari hata kwa kiraka. Na ulizia upatikanaji kwenye famasia kubwa mapema, usisubiri asubuhi ya siku yenyewe ndo uanze kuzunguka Kariakoo na arosto kichwani.

Kwenye simu pia utakutana na wauza virutubisho vya kuongeza asetilikolini eti vinarekebisha dopamini. Asetilikolini ukiimeza haivuki kuingia kwenye ubongo. Kolini, malighafi yake, ipo kwenye mayai, maini, samaki na maharage, na shida ya mvutaji wala sio upungufu wa asetilikolini. Hiyo hela nunua kiraka.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza inaanza usiku. Fegi ya mwisho ivute kabla ya kulala, ukiamka umeshamaliza masaa nane bila kuhangaika. Bandika kiraka kabla hujaswaki. Alafu badilisha mpangilio wa asubuhi wote, kama ulikua unaenda kwa Mangi kwanza anza kuoga, kama unapita njia yenye kijiwe pita ya nyuma hata kama ni ndefu na ina madimbwi.

Asiyetumia dawa arosto inaanza baada ya masaa machache, hasira, kiherehere, kichwa hakitulii, unasoma mesej moja mara tatu huelewi. Hiyo ya kutokumakinika ni konda wako wa asili anajitahidi kugonga wakati dereva ameshazoea kugongewa na mtu mwingine. Siku ya 2 na ya 3 ndo kilele. Kama unaweza panga kilele kiangukie siku huna kazi ya kubishana na watu. Wiki ya kwanza ikiisha inashuka, wiki ya nne wengi wanakua wametulia ukiacha njaa. Picha za ubongo zinaonyesha vile vipokezi vya ziada vinabaki juu karibu mwezi mzima na vinarudi kiwango cha asiyevuta kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ndo maana mtu anayekwambia nimeacha wiki mbili na bado naitamani hana tatizo la imani, hesabu yake ya vipokezi haijaisha.

Hamu yenyewe ikija inakaa dakika chache tu, tatu, tano, alafu inapita uvute usivute. Kazi yako ni kuzipitisha hizo dakika. Inuka. Kutembea kwa kasi hata dakika kumi kunapunguza hamu, hili limepimwa, kwahiyo kama uko kwenye foleni ya Mwenge kwenye daladala shuka kituo kimoja kabla utembee. Mdomoni weka karafuu, kipande cha tangawizi, muwa, karanga, ubuyu, chochote chenye ladha kali na kinachoushughulisha mkono. Dereva wa boda anayesubiri abiria ahame upande na wanaovuta, hata mita ishirini, moshi wa jirani ni kiashiria na nikotini kwa pamoja.

Kahawa sasa, na hapa naomba unisikilize maana karibu kila mtu anapitwa. Moshi wa fegi, sio nikotini, moshi wenyewe, unalifanya ini livunje kafeini haraka. Mvutaji anaivunja kama mara mbili ya spidi ya asiyevuta. Ukiacha fegi, ini linarudi kawaida ndani ya siku kadhaa, alafu wewe unaendelea na vikombe vyako vile vile vitano vya kahawa chungu na kashata. Kafeini mwilini inapanda, mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hakuna, na wewe unasema arosto ya fegi imenizidi ngoja nivute kidogo. Punguza kahawa nusu kuanzia siku ya kwanza. Sababu hiyo hiyo inagusa dawa kadhaa, hasa klozapini na olanzapini za afya ya akili, anayezitumia amwambie daktari wake kabla ya kuacha ili dozi iangaliwe, maana kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda.

Pombe ni shughuli nyingine. Inapandisha dopamini yenyewe na wakati huo huo inalaza ile sehemu ya mbele ya kichwa inayosema hapana, kwahiyo unakua na hamu zaidi na breki kidogo. Mwezi wa kwanza usinywe, kama haiwezekani, basi kanywee nyumbani kwa mtu asiyevuta. Mechi angalia sebuleni.

Na utanenepa kidogo, wastani ni kama kilo 4 mpaka 5 mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini ilikua inakata njaa kwa vipokezi vya asetilikolini vilivyoko sehemu nyingine kabisa ya ubongo, ile inayosimamia kula. Usianze diet wiki hiyo hiyo, pambana na moja kwanza.

Pafu moja tu

Utapewa. Harusini, msibani, Coco Beach jioni watu wamekaa na mihogo, mtu atakwambia vuta pafu moja haitakuua. Waliwahi kupima kwenye picha za ubongo wa wavutaji: pafu moja au mbili zinakalia nusu ya vipokezi vile vikuu kwa zaidi ya masaa matatu, fegi nzima inakalia karibu 90 kwa 100. Kwahiyo pafu moja sio kuonja, ni nusu ya vipokezi hivyo. Ila pia sio mwisho. Ukiteleza ukavuta, usitoe kiraka, kwa mtu mwenye afya ya kawaida kuteleza mara moja juu ya kiraka sio sumu, usinunue nyingine, na usiku ule ule fungua ile orodha kwenye simu uandike sehemu, saa na nani alikua pembeni, maana hicho ni kiashiria ambacho ramani yako haikuwa nacho. Kesho asubuhi kiraka kipya kama kawaida.

Wa ugoro, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) na shisha yote haya yanawahusu, nikotini ni ile ile na vipokezi ni vile vile. Shisha maji hayachuji kitu cha maana, kikao kimoja cha saa nzima unavuta moshi mwingi kuliko fegi moja kwa mbali sana. Wa ugoro na kuberi bablishi na kiraka vinawafaa ila muulize mfamasia kuhusu dozi maana hesabu ya fegi kwa siku kwenu haipo. Fegi za kuchaji nazo, zile za umeme, kama lengo ni kutoka kwenye nikotini kabisa unahamisha tu mzigo mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Ila wa unga wasifuate huu mwongozo. Heroini haigongi kwenye vipokezi vya asetilikolini, inapita kwa kuzinyamazisha seli zinazoizuia dopamini, na arosto yake haipitishwi kwa karafuu na kutembea. Hata akiacha akakaa wiki kadhaa, mwili unakua umepoteza ule uzoefu, akirudi na kipimo chake cha zamani anaweza kufa. Dawa yake ni methadoni, Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kwa kawaida anakunywa kila siku mbele ya muhudumu. Ukiwa na ndugu wa hivyo mpeleke mwenyewe asubuhi, kabla arosto haijampanda, kaa nae kwenye benchi mpaka aitwe.